Herufi Tatu Juu ya Kaunta

Binti yangu ana mchezo anaoucheza kwenye simu yangu. Simu inampa herufi, naye anatakiwa kutafuta neno la Kiingereza lenye herufi hizo kabla mstari mwekundu haujaisha. Jioni moja nilikuwa jikoni nachambua mchicha, akanipigia kelele kutoka sebuleni: "Mama, neno lenye W na J, upesi!" Hakuna aliyekuwa anakufa. Hakuna aliyekuwa anasafiri. Lakini viganja vyangu vililowa jasho, na pale pale penye harufu ya vitunguu nikasikia harufu ya nafthalini na udi. Ilibidi nivute kigoda nikae. Alipokuja kuona kwa nini simjibu, mstari ulikuwa umeshaisha, akaninunia mpaka chakula kikaiva.

Harufu hiyo ni ya duka la Mama Hansa, Singida mjini. Mama Hansa alikuwa Mhindi mjane, mzaliwa wa hapo hapo Singida, aliyeuza vitambaa. Hansa mwenyewe, binti yake, alikuwa ameolewa ng'ambo na sisi tulimjua kwa picha tu, ile iliyotundikwa ukutani karibu na ya marehemu baba yake yenye shada la maua. Mama yangu aliuza kuku. Alizunguka vijiji vya Ilongero akinunua mmoja huku na wawili kule, na Jumamosi tulipanda bodaboda kwenda mjini, tenga limefungwa nyuma, mimi nimebanwa katikati ya dereva na mama. Aliweka tenga lake kwenye baraza la Mama Hansa kwa sababu palikuwa na kivuli asubuhi yote. Baba alifariki kabla sijaijua sura yake. Tulikuwa wawili, mimi na mama, tunaishi huko Ilongero pembeni ya mji wa baba mkubwa.

Niliingia ndani ya duka kwa sababu ya jua. Duka lilikuwa refu, lina giza kidogo, majora ya vitambaa yamepangwa mpaka juu. Mama Hansa alikaa nyuma ya kaunta kwenye kiti chenye mto, futi ya fundi shingoni, na mkononi mwake bati la biskuti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Unasoma darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Kiingereza unajua?"

"Najua," nikasema. Ninyi mliosoma shule zetu za Kiswahili mnakijua Kiingereza changu cha wakati ule. Kilikuwa kumwimbia mwalimu "good morning" tukiwa wima, basi.

Akafungua bati. Ndani mlikuwa na vibao vidogo vya herufi alivyocheza na Hansa zamani. Vilivyopotea alivifidia kwa vifungo vya makoti alivyoviandika kwa wino. Q ilikuwa kifungo kikubwa cha kahawia. Akapanga herufi tatu juu ya kaunta. "Nipe neno la Kiingereza lenye hizi zote," alisema. "Namkatia huyu mteja kitambaa. Mkasi ukifika mwisho, muda wako umekwisha."

Siku ile sikupata. Nilisikia tu mkasi unakuja, krr, krr, krr, ukila kitambaa taratibu, na kichwani hamna kitu. Lakini nilirudi nyumbani nimeudhika, na mimi nikiudhika siachi jambo. Nikaanza kuwinda maneno. Nilisoma pindo za vitambaa, kule kwenye maandishi madogo, nikapata "quality" na "superior". Nilisoma chandarua, magunia ya mbegu, karatasi za sabuni, maboksi ya dawa yaliyotupwa nyuma ya zahanati. Kila kilichopigwa chapa kwa herufi kubwa nilikihesabu kuwa Kiingereza. Jumamosi moja nilimpa Mama Hansa neno "Shinyanga", nililolitoa kwenye gunia la mchele, na nikabishana naye. Alicheka mpaka miwani ikamshuka puani, akanipa chevda, ule mchanganyiko wa Kihindi wa dengu na karanga, kwenye karatasi hata hivyo.

Mama alipenda sana mchezo ule. Hakujua neno moja la Kiingereza, lakini akisikia mkasi alikuja mlangoni na kuku kwapani, akasimama. "Kapata?" aliuliza kila mara. Mama Hansa aliitikia, "Kapata," na mama alirudi kwa wateja wake anatembea kama amevishwa taji.

Furaha yangu iliisha siku Rehema alipochukuliwa. Rehema alikuwa jirani yetu, tukichota maji pamoja. Shangazi yake alikuja kutoka Manyoni, akamwambia asome ukurasa wa kitabu kwa sauti, akamwambia atunge uzi kwenye sindano, akamtazama meno. Kesho yake asubuhi Rehema aliondoka naye, nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Hakuna aliyeona ajabu. Mtoto kwenda kulelewa kwa ndugu ni jambo la kawaida, na yeye haulizwi. Rehema alirudi likizo tu, tena amekuwa mgeni, ugali wa uwele unamkwaruza koo ghafla. Nilimtazama nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba mtoto akianza kupimwa akili, safari yake imeiva.

Nikaanza kuangalia mambo ya nyumbani kwa jicho jipya. Mama alikuwa ameacha kuniuliza "umecheza?", sasa aliuliza "umeshinda?" Alinifundisha kufua sare yangu mwenyewe, kupika uji usiokuwa na mabonge, kukunja nguo kwa mpango. "Mtu asije akasema hukufundishwa," alisema. Mtu gani? Mama Hansa naye alinisimamisha katikati ya duka akanipima mabega, kiuno, urefu mpaka magotini, akimtajia mama vipimo kwa sauti ya chini. Wakiniona nasogea, wote wawili walinyamaza, wakaanza kuzungumzia mvua. Niliona pia kwamba mama anashika ubavu akiinua tenga, na tukitoka kisimani anakaa chini njiani, macho kafumba. Hilo nalo nililitia kwenye hesabu yangu, nikalipatia sababu isiyo yake. Nilidhani amechoka kunilea.

Kisha mama akampelekea Mama Hansa kuku. Alikuwa mtetea mwekundu, yule ambaye mama alikataa kumuuza kwa kila aliyemtaka. Siku ile hakumweka kwenye tenga, alimbeba mkononi, na alipofika akaingia naye mpaka kwenye kaunta akapiga goti. "Mama, nimekuletea kuku wako," alisema. Kwetu ukimpelekea mtu kuku hivyo umempelekea neno zito. Akimchinja, mkala pamoja, neno limepokelewa. Asipomchinja, bado anafikiri, au hataki. Nilijua hilo tangu naanza kutembea, na nilijua ni neno gani mama amelipeleka.

Tulichokuwa hatukijui, mimi na mama, ni kwamba nyumba ya Mama Hansa haikuonja nyama. Haikuonja hata yai. Tulikuwa tumeuza kuku wa kuchinjwa mlangoni kwa mtu ambaye kwake kuchinja ni dhambi, na yeye hakuwahi kusema neno, alitupa kivuli na maji ya kunywa. Alimpokea yule mtetea kwa mikono miwili. Akakaa naye mapajani kwa muda, hajui afanye nini. "Asante, Mama Salima," alisema mwishowe. "Atakaa na mimi." Akamfunga mguu kwa kipande cha pindo la kitambaa kwenye mguu wa cherehani.

Jumamosi iliyofuata kuku alikuwa hai. Na iliyofuata. Alikuwa ameshafunguliwa kamba, anatembea kati ya majora kama mwenye duka. Mama alimtazama, hakuuliza, maana aliyetoa haulizi. Njiani kurudi alisema kwa sauti ndogo, akiongea na upepo zaidi kuliko na mimi, "Hajamchinja." Nilisikia moyo wake unashuka, na wangu ukapanda. Tangu hapo, kila tulipofika, kitu cha kwanza nilichofanya ni kukimbilia mlangoni kumtafuta yule kuku. Akiwa hai, mimi bado ni wa mama. Niliishi hivyo, roho juu juu kila Jumamosi, na huku mchezo unaendelea, na mimi siwezi kujizuia, naona herufi na neno linanitoka mdomoni kabla sijakumbuka kwamba kila ninaposhinda najisogeza kwenye safari.

Ikafika siku ambayo haikuwa Jumamosi. Mama alivaa kitenge chake cha sikukuu. Hapakuwa na tenga. Palikuwa na mifuko miwili, wangu mdogo na wake ule wa mirabamiraba tunaouita shangazi kaja. Kwenye bodaboda nilimshika kiuno kwa nguvu mpaka akaniambia nimlegeze, namuumiza.

Mama Hansa alikuwa amefunga ubao mmoja wa mlango. Gauni jipya la bluu lilining'inia kwenye msumari, na sikuhitaji kuambiwa limeshonwa kwa vipimo vya nani. Kuku alikuwa akidonoa chini ya benchi, mzima wa afya. Nilimwangalia yeye kwanza.

"Salima, mimi nakwenda Dodoma," mama alisema. "Utakaa hapa na Bibi. Nitarudi."

"Lini?"

"Nikirudi."

Hakusema hospitali. Wakati ule mtoto haambiwi ugonjwa wa mkubwa. Anaambiwa kaa, anakaa. Nilitaka kulia lakini woga ulikuwa mwingi kuliko machozi. Mama akamgeukia Mama Hansa. "Mama, mchezeshe kidogo kabla sijaondoka. Nataka nimsikie."

Mama Hansa alishangaa, nakumbuka jinsi alivyonyanyua uso. Lakini alifungua bati, akachovya mkono, akapanga herufi juu ya kaunta. K. N. H. Mteja hakuwapo, kwa hiyo alivuta jora la karibu, akatandaza kitambaa ambacho hakuna aliyekiagiza, akashika mkasi.

Neno nililiona papo hapo. Lilikuwa linatembea. Yule mtetea alitoka chini ya benchi, akapita katikati yetu mguu mmoja mmoja, akasimama mbele yangu akinitazama kwa jicho la upande. Nikafunga mdomo. Nilijiambia kwamba kama Rehema angekwama kusoma, shangazi yake angerudi Manyoni peke yake. Mtoto mjinga habebwi na mtu. Nikishindwa leo, mbele ya wote wawili, mama atanirudisha Ilongero tuchote maji na tukamate kuku kama zamani.

Krr, krr. Mama Hansa alikata polepole kuliko siku zote. "Tazama vizuri, beta," alisema. Aliniita hivyo, yaani mwanangu, kama alivyomwita Hansa. "Neno unalolijua." Macho yake yalitoka kwangu yakaenda kwa kuku, yakarudi. Mama Hansa, mtu mgumu ambaye hata chevda haongezi kama hukushinda, alikuwa ananiibia jibu. Nikatazama sakafu.

"Sema, Salima," mama alisema kutoka mlangoni.

Nikauma ulimi. Nilisikia ladha ya damu, kweli si hadithi. Mama akasema tena, safari hii kwa Kinyaturu, lugha ambayo hakuwahi kuitumia ndani ya duka lile, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. Ukaanza tena. Ukasimama. Kisha kitambaa kilikwisha, kikaanguka vipande viwili, kimoja huku na kimoja kule.

Mama hakunigombeza. Aliinama, mkono ubavuni, akaokota shangazi kaja lake, akanipa mgongo. Mguu wake mmoja ukatoka nje kwenye jua. Hakuniaga. Nikaona kwamba nimeharibu kila kitu: nimejifanya mjinga na bado anaondoka, tena anaondoka amenikasirikia, na uso wake wa mwisho nitakaoukumbuka ni mgongo. Sikutaka tena kwenda Ilongero, sikutaka kushinda wala kushindwa. Nilitaka ageuke tu.

"Chicken!" nikapiga kelele. "Chicken! Kitchen! Think! Drink..." ingawa hilo la mwisho halikuwa na H, nilisema yote yaliyokuwa kichwani, nalia, kamasi zinatiririka. Kuku alikimbilia uvunguni mwa kaunta.

Mama aligeuka. Hakunitazama mimi, alimtazama Mama Hansa.

"Kapata?"

"Kapata," Mama Hansa akasema. "Na zaidi."

Mama akacheka. Kicheko kifupi, kisha akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Alikuja akaniwekea kiganja kichwani, akakiacha pale muda mrefu, halafu akatoka kuelekea stendi. Nilibaki nimesimama mbele ya zile herufi. Nilijua nimeshatolewa, na aliyejitoa ni mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

Sikucheza tena mchezo ule siku zote nilizokaa kwa Mama Hansa, naye hakunilazimisha. Alinipikia wali na dengu, akanipeleka shule ya karibu nikiwa na gauni langu la bluu, na jioni alikaa pembeni ya kitanda changu akiimba kwa lugha yake mpaka nisinzie. Nilimchukia kwa bidii. Alivumilia. Kuku alitaga nyuma ya jora la khaki na mayai yote nilikula mimi, maana mle ndani hapakuwa na mwingine wa kuyala. Hapo ndipo nilipojua kwa nini hakuchinjwa. Niliuliza, nikajibiwa kwa maneno machache, nikakaa siku nzima sina raha. Kumbe uhai wa kuku yule haukuwa na habari na mimi hata kidogo.

Alizeti zilipoanza kuinamisha vichwa, nilikuwa nyuma ya kaunta nakunja vitambaa nikasikia mteja anauliza, "Hicho cha bluu unauzaje?" Nikainua macho nimjibu. Alikuwa mama. Amekonda, kitenge kimemzunguka mara mbili, anatabasamu kwa utani wake mwenyewe. Sikuzunguka kaunta. Niliipanda, nikaangukia upande wa pili, Mama Hansa akapiga kelele kwamba nisimrukie tumboni. Usiku wa kwanza nyumbani Ilongero mama alinionyesha kovu. Alisema walimtoa kitu, na kwamba sasa amepona, na nisimuulize zaidi. Sikumuuliza.

Nilikaa na tafsiri yangu miaka yote hiyo. Niliisahihisha kidogo kadiri nilivyokua: sikuwa nimetolewa, niliachwa tu kwa mtu mwema wakati mama anatibiwa, na mchezo wa siku ile ulikuwa kwaheri. Ilitosha. Mama Hansa alikuja kuchukuliwa na Hansa, tukaagana tukilia, na duka sasa linauza simu.

Baada ya ile jioni ya mchicha nilikwenda Ilongero kumsalimia mama. Nilimkuta uani anapepeta uwele. Nikamsimulia habari za binti yangu na jasho langu kama kichekesho, na kwa sababu tulikuwa tunacheka nikamwambia na lile ambalo sikuwahi kumwambia: siku ile neno nililiona tangu mwanzo, nilinyamaza makusudi ili anirudishe nyumbani.

Ungo ukasimama.

"Ulilijua?"

"Nililijua. Kuku si alikuwa mbele yangu?"

Alichukua pumba kidogo akazisugua kati ya vidole, akazitupa. "Mimi nilikuwa naogopa kisu," alisema. "Dada yangu walimpasua hakuamka. Na wewe nilikuwa sijui nakuacha kwa nani. Kwa baba yako mkubwa ungechunga ng'ombe, shule basi. Mama wa watu alisema atakaa nawe hata nisiporudi, lakini kuku wangu hakumchinja. Nikasema, huyu ananistahi tu, moyoni hajakubali. Kwa hiyo nikajiwekea ishara yangu. Nikasema, mtoto akipata neno, hapa ataheshimika, nakwenda nikapasuliwe. Asipopata, narudi naye nyumbani, liwalo na liwe."

"Lakini ulishika mfuko ukatoka."

"Nilikuwa natoka kusimamisha bodaboda ya Ilongero. Kisha nikuite."

Nilimtazama. Alikuwa anasema kwa sauti ile ile anayotumia kueleza bei ya kuku.

"Daktari aliniambia ningengoja mavuno yapite," aliendelea, "uwele ule ungepikwa matangani kwangu. Nilikuwa nimeshatoka mlangoni, Salima. Wewe ndiye uliyepiga kelele."

Nilishika mkono wake uliokuwa na pumba, nikaushikilia kwa mikono yangu yote miwili, na sikuweza kuuachia. Alinivumilia kidogo, kisha akaanza kuuvuta arudi kwenye kazi yake.

"Sasa unalia nini?" akauliza. "Si niko hapa?"